Kuambiwa Si Kuulizwa: Historia ya Umeme wa Mto Kiyira

Mto Naili utokapo katika Ziwa Viktoria, penye mji wa Jinja nchini Uganda, Wasoga huuita Kiyira. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mto huo ulivyowekewa mabwawa ya umeme kwa muda wa miaka sabini, tangu 1949 hadi 2019, na jinsi watu wakaao kandokando yake, pamoja na wale wakaao chini ya nyaya zitokazo hapo, walivyoshirikishwa au walivyoachwa nje ya shauri hilo. Hatukusudii kuupinga umeme. Nchi isiyo na umeme haina viwanda, na mwanafunzi asomaye kwa koroboi aijua shida hiyo kuliko sisi tuandikao. Twataka kulitazama jambo moja tu, nalo ni tofauti iliyopo kati ya kumwambia mtu na kumwuliza.

Bwawa la kwanza

Mwaka 1862 msafiri Speke alifika mahali maji yanapotoka ziwani, akayapa maporomoko ya hapo jina la Ripon. Mwaka 1907 Winston Churchill alipita papo hapo, na katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1908 akaeleza ndoto ya kuzifunga nguvu za maji hayo ziendeshe mitambo. Ndoto hiyo ilingoja miaka arobaini. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake alitoa taarifa iliyopendekeza bwawa lijengwe penye maporomoko ya Owen, karibu na Jinja. Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa, na kazi ikaanza mwaka 1949. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alilifungua bwawa hilo. Mitambo yake ilikusudiwa kufua megawati 150.

Faida zake zilionekana. Jinja ikawa mji wa viwanda: nguo zilifumwa, na shaba ya Kilembe ikaletwa kuyeyushwa. Nyaya zikaenda Kampala, zikaenda Tororo, zikavuka mpaka hadi Kenya. Wengi wetu tulikua tukiusikia umeme wa Jinja ukitajwa kama fahari ya Afrika Mashariki nzima.

Lakini tutazame ni nani aliyeulizwa. Kabla ya bwawa kujengwa, serikali ya Uingereza iliandikiana barua na serikali ya Misri, kwa sababu Misri huishi kwa maji ya Naili. Misri ilikubali, ikatoa masharti, na mhandisi wake akapewa makazi Jinja ili ayaangalie maji yanayofunguliwa. Hilo lilikuwa jambo la haki, kwa kuwa mwenye kisima huulizwa kabla ya mkondo kuzibwa. Ila katika barua hizo za serikali kwa serikali, mvuvi wa Jinja na mkulima wa ng'ambo ya pili hawasikiki wakisema. Maporomoko ya Ripon yalizama, na pamoja nayo mawe ambayo yasemekana ndiyo yaliyoupa mji jina lake, kwani jinja katika lugha za huku ni jiwe. Mtu wa mbali alishauriwa kwa kalamu, na mtu wa karibu aliyaona maji yakipanda.

Budhagaali

Kilomita chache kaskazini ya Jinja palikuwa na maporomoko mengine. Vitabu vya serikali na ramani huyaita Bujagali, kwa matamshi ya Kiganda. Wasoga wenyewe husema Budhagaali. Hapo, kwa imani ya Wasoga, ndipo penye makao ya roho kubwa iitwayo kwa jina hilo hilo, na mtu anayeichukua roho hiyo huitwa Budhagaali naye pia. Cheo hicho kimerithiwa vizazi na vizazi. Wasoga na Waganda huziita roho za mahali kama hapo misambwa. Jambo la kuangalia ni kwamba musambwa si mzimu wa mtu anayeweza kufukuliwa akazikwa kwingine; ni roho ya mwamba ule, ya mti ule, ya maji yale.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya AES ya Marekani ilipendekeza kujenga bwawa mahali hapo. Mwaka 2001 wananchi na vyama vya mazingira vya Uganda walipeleka malalamiko yao mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Waliuliza mambo mengi: je, bei ya umeme huu mwananchi ataiweza? Je, mto utabaki na maji ya kutosha kwa mabwawa mawili? Je, waliohamishwa wataishije? Mkataba wa kuuziana umeme kati ya serikali na kampuni uliwekwa siri, hata shauri likafika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2002 ikatamka kwamba mkataba huo ni hati ya umma. Mwaka uliofuata AES ilijitoa. Watu waliokuwa wamekwisha kuhamishiwa Naminya, ukingo wa magharibi, wakabaki huko na nyumba mpya, huku mradi uliowahamisha haupo.

Kisha ukaja ukame. Katika mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalishuka sana, mitambo ya Jinja ikapungukiwa, na nchi ikakaa gizani kwa zamu. Viwanda vilisimama, hospitali zikatafuta jenereta. Haifai kuisahau hali hiyo tunapoihukumu serikali, kwa kuwa shida ilikuwa ya kweli, na waliodai umeme nao walikuwa wananchi. Kampuni mpya, Bujagali Energy Limited, ikachukua kazi, Benki ya Dunia ikaidhinisha fedha mwezi Aprili 2007, na jiwe la msingi likawekwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Bwawa lilizinduliwa mwezi Oktoba 2012, lenye mitambo mitano ya megawati 50 kila mmoja.

Na roho je? Matambiko ya kuihamisha yalifanywa, tena zaidi ya mara moja, na gharama zake zikaingizwa katika hesabu za mradi. Lakini mwenye cheo cha Budhagaali alishikilia kwamba roho haikuhama wala haihamishiki, na mganga mwingine akaendesha tambiko mahali pake. Hapa hatuulizi kama misambwa ipo au haipo. Kila msomaji ana dini yake. Twauliza swali la adabu. Mtu akiulizwa, naye akajibu "hapana", kisha akatafutwa mwingine wa kujibu "ndiyo", je, tuseme kwamba watu wameulizwa?

Chini ya nyaya

Habari za bwawa zilifika mbali, kwa kuwa maporomoko ni kitu cha kupendeza na wageni huja kuyatazama. Habari za nyaya hazikufika mbali hivyo. Umeme wa Bujagali ulihitaji njia mpya ya kilovolti 220, kutoka mtoni hadi Kawanda, kaskazini ya Kampala, kiasi cha kilomita 70 na zaidi, ikipitia mashamba na misitu, Mabira ukiwa mmojawapo.

Njia ya nyaya haimezi ardhi kama bwawa limezavyo. Huikata kamba nyembamba tu, shamba hadi shamba. Chini ya nyaya hizo mtu haruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda mti mrefu. Kwa hiyo mfenesi hukatwa, na mwenye nyumba iliyomo katika njia huivunja. Shamba lake labaki lake katika maandishi, ila si lake tena katika matumizi. Mthamini huja na kitabu chake, akahesabu migomba na mibuni, akapiga bei kwa kila shina. Mibuni ina bei. Ujirani hauna bei, na kaburi la babu lililo pembeni ya njia latia mashaka katika hesabu.

Katika nchi ya Buganda tatizo lilizidi kwa sababu ya mila ya ardhi. Shamba moja huweza kuwa na watu wawili: mwenye milki, na mwenye kibanja anayelima na kuishi hapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawatambua wote wawili. Basi fidia ikija, nani alipwe, na kwa sehemu gani? Watu wengi wa njia hiyo walilalamika kwamba malipo yalikuwa madogo au yalichelewa, na malalamiko yao yakafika kwa wakopeshaji waliogharimia mradi. Nako Naminya, waliohamishwa tangu siku za AES walidai hati za ardhi na huduma walizoahidiwa, umeme ukiwa mmojawapo. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 26, yasema kwamba mtu asinyang'anywe mali yake kabla ya kulipwa fidia ya haki. Neno lenye uzito hapo ni "kabla". Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri la ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya barabara, ililithibitisha neno hilo: kuchukua kwanza na kulipa baadaye ni kinyume cha Katiba.

Ahadi ya Kalagala

Bujagali ilipoidhinishwa mwaka 2007, serikali ilitia saini ahadi kwa Benki ya Dunia. Kwa kuwa Budhagaali yatafunikwa, maporomoko ya Kalagala yaliyo mbele zaidi yatahifadhiwa, pamoja na mazingira yake na mahali pake pa ibada. Ukingo wa magharibi huyaita Kalagala. Ukingo wa mashariki, wa Wasoga, una Itanda. Ahadi hiyo ilikuwa na maana kubwa: tumekichukua kimoja, tunakuachieni kingine.

Ahadi ni deni. Miaka michache baadaye serikali iliamua kujenga bwawa la Isimba, lenye megawati 183, upande wa chini wa Kalagala. Lilizinduliwa mwezi Machi 2019. Maporomoko makuu yalibaki, lakini maji ya bwawa yalirudi nyuma hadi ndani ya eneo lililoahidiwa, yakafunika baadhi ya mikondo na visiwa. Serikali na Benki zikaingia katika mashauri ya kurekebisha masharti ya ahadi ile. Tuangalie vizuri: ahadi ilifungwa kati ya serikali na benki, nao ndio walioweza kuifungua na kuifunga upya. Mwanakijiji wa Itanda, ambaye kwa ajili yake jambo lile lilisemwa, hakuwa mwenye kushika upande wowote wa kamba.

Kutendwa na kutendana

Sisi walimu wa lugha twaweza kulieleza jambo hili kwa sarufi tunayoifundisha kila siku. Kitenzi "kushauri" katika kauli ya kutendwa ni "kushauriwa": mmoja anena, mwingine apokea. Katika kauli ya kutendana ni "kushauriana", na hapo hapana budi pawe na pande mbili, kila upande ukinena na ukisikiliza, na kila upande ukiweza kuubadili uamuzi wa mwenziwe. Katika historia ya Kiyira, mwaka 1949 mtu wa mtoni hakushauriwa. Mwaka 2007 alikwisha kushauriwa, tena katika mikutano mingi, na taarifa nene zikaandikwa juu yake kwa Kiingereza cha wataalamu. Hayo ni maendeleo, wala hatuyadharau. Lakini kushauriana bado.

Kazi hii haitakwisha upesi. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024, na minara yake imekwisha kusimama katika mashamba ya watu. Nchi zote za jirani zina miradi ya namna hiyo. Basi mwalimu afanye nini? Kwanza, awafundishe wanafunzi wake maneno ya mambo haya hadi wayaelewe: fidia, ridhaa, mthamini, hati, pingamizi, rufani. Mtu asiyejua neno "rufani" hawezi kuikata. Pili, penye mradi unaokuja, awatume wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya mikondo, ya mawe na ya vichaka kabla maji hayajapanda, kwa maana jina lisiloandikwa huzama pamoja na mahali pake. Tatu, barua ya serikali ikifika kijijini kwa lugha wasiyoisoma watu, mwalimu asingoje kuombwa. Aisome mbele ya baraza, aifasiri, kisha aandike majibu ya watu kama walivyoyasema, hata yakiwa ni "hapana".