Njia ya Miguu Itokayo Kilwa

Wasomaji wetu wengi wazijua habari za mwaka 1873, maana hufundishwa shuleni na kutajwa kanisani. Tarehe 5 Juni mwaka ule Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alifanya mkataba na Waingereza kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini, na soko lao la Unguja lifungwe. Hata siku ya Krismasi mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kubwa la Mkunazini, mahali pale pale palipokuwa na soko. Ni habari njema, nasi twapenda kuisimulia. Walakini habari hii inayo nusu ya pili, isiyosimuliwa sana, nayo ilipita katika nchi yetu ya Rufiji kwa miguu.

Mkataba ulifunga bahari, haukufunga nchi kavu. Tena haja ya watumwa ilikuwa imezidi. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ilisalimika zaidi. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wa kupanda na kuchuma. Basi wafanya biashara wa Kilwa Kivinje wakafanya shauri. Zamani waliwapakia watu katika majahazi hapo hapo Kilwa. Sasa wakawafunga mistari mistari, wakawaelekeza kaskazini: kuvuka mto Matandu, kisha Rufiji, kupita nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, hata kufika Pangani, ambako Pemba si mbali, nao huvushwa kwa siri. Mwendo huo wapita kilometa 400. Na wengi wao walikuwa wamekwisha kutembea tangu nchi za Nyasa kabla hata ya kuiona Kilwa.

Sisi tuliona aibu kufundisha neno hili na hali hatujui uzito wake. Kwa hiyo walimu wawili tuliazimu kutembea siku moja tu katika upande huu, tangu daraja la Mkapa hata Kibiti, yapata maili 20. Hatusemi kwamba lami imewekwa juu ya nyayo zao. Lakini mtu atokaye Kilwa kwenda kaskazini hana budi kukaa upande wa bara, maana huko baharini mto wagawanyika vijito vingi, na mikoko na matope havimpi nafasi ya kupita.

Tuliondoka alfajiri. Darajani tulisimama kidogo tukitazama maji. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 2003, nalo lina urefu upatao kilometa moja, ndipo msomaji akisie upana wa bonde. Siku zile mto haukuvukika ila kwa mtumbwi, na mtumbwi una mwenyewe. Jambo hili lilitukaa moyoni kuliko mengine. Twazoea kusema juu ya Waarabu wa Kilwa na wenye mashamba wa Pemba, lakini msafara wa watu mia hauvuki Rufiji pasipo wapiga kasia, wala hauli pasipo mtu wa kuuza mpunga. Na bonde hili lilikuwa nchi ya mpunga.

Baada ya Ikwiriri jua likawa kali, na nchi ikaanza kuinuka kidogo kidogo. Sisi tulikuwa na viatu, chupa za maji, na ruhusa ya kukaa chini ya mwembe kila tulipochoka. Hata hivyo kabla ya adhuhuri mwenzetu mmoja alitoka malengelenge, akavua viatu, akaona lami yaunguza, akavivaa tena. (Alikuwa ndiye aliyesema asubuhi kwamba maili 20 si kitu.)

Yuko mtu aliyeiona misafara ile kwa macho yake akaihesabu. Jina lake Frederic Elton, naye alikuwa afisa wa ubalozi wa Kiingereza wa Unguja. Alitumwa kwenda kwa nchi kavu mpaka Kilwa, ili awaweke huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza. Njiani akakutana na wale waliokuwa wakiletwa kaskazini. Kwa muda wa mwezi mmoja, tangu Desemba 1873 hata Januari 1874, alihesabu watu 4,096. Aliona vijana na wanawake waliofungwa pete za chuma shingoni, miguu imeraruliwa na miiba, miili imebaki mifupa. Naye hakuweza kuwafungua, kwa kuwa mkataba ulisema bahari. Ndiyo kusema, Krismasi ile jiwe lilipowekwa Mkunazini, mistari ile ilikuwa ikienda katika njia hii.

Hesabu ya 4,096 ni nyepesi kuiandika ubaoni. Ukigawanya kwa siku 31 utapata watu 132 kwa kila siku. Basi tulipotoka Ikwiriri tulianza kuhesabu kila mtu tuliyekutana naye akienda kwa miguu: mama na kuni zake, watoto wa shule, wavuvi. Waliopanda baiskeli na pikipiki tuliwaacha. Tulipofika Kibiti jua likitua, hatukuwa tumefikia 132.

Pale njiani mzee mmoja alitupa maji ya kunywa. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza haja yetu, kisha tukamwuliza kama wazee wake walisimulia juu ya misafara. Alinyamaza kitambo, akasema kwamba wako waliopita na wako waliobaki, na hapa watu hawaulizani asili. Hatukumwuliza tena.

Mwezi wa Aprili 1876 Seyyid Barghash alitoa amri nyingine ya kukataza misafara ya watumwa katika nchi kavu pia. Ilikuwa imepita karibu miaka mitatu tangu mkataba wa kwanza. Mwaka uo huo, mwezi wa Novemba, Askofu Steere alitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa, wakatembea hata Masasi, wakajenga kijiji: safari hii walikuwa wakielekea upande wa kwao. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria huku Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Tulilala Kibiti kwa mwalimu mwenzetu, aliyetupa maji ya moto na chumvi ya kukandia miguu. Asubuhi tulipanda basi kurudi shuleni. Kutoka pale hata Pangani ilikuwa bado zaidi ya nusu ya njia.