Suam: Padre Alipomfuata Kibarua

Mto Suam huanzia ndani ya kaldera ya Mlima Elgon. Hutokea kwenye korongo upande wa mashariki, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda kwa kipande fulani, kisha ukaingia nchi ya Wapokot na kupata jina jingine, Turkwel. Wakatoliki wa pande hizi, kuanzia Bungoma hadi Kitale, dini yao haikupanda kutoka Mombasa. Iliingia kutoka Kampala.

Mapadre wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866, walifika Uganda mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Siku hizo nchi yote hii, hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Serikali iliuhamisha mpaka mwaka 1902. Hivyo walipofungua Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904, walikuwa wakiendelea tu kulilima shamba lao, vikarieti ya Nile ya Juu. Walikuwa mapadre wa misheni, na Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, walipowaona walikuwa wamekwisha kuzoea Wazungu wengine wa dini, Wakweka, waliopiga kambi Kaimosi tangu 1902. Mnamo miaka ya 1930 misheni ya Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ilikuwa imesimama: kanisa, shule, nyumba ya mapadre na ardhi yake.

Ukivuka kuingia Trans-Nzoia, upande wa Kitale, hadithi inabadilika. Kuanzia 1919 ardhi ile iligawiwa wanajeshi Waingereza waliorudi vitani, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata ekari moja. Alikaa kama skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo apewe mahali pa kujenga, kulima na kulisha ng'ombe wake. Mkataba ukiisha, au bwana akichukia, anafungasha. Misheni ya mawe utaijenga kwa waumini gani, ikiwa kijiji kizima kinaweza kufukuzwa baada ya mavuno? Kwa hiyo Kanisa la Suam na Endebess lilianza katika kambi za vibarua, na kwa maoni yangu mwanzilishi wake ni katekista kuliko padre. Huyo ndiye aliyefundisha sala jioni watu wakitoka kazini, akabatiza mtoto aliyekuwa mahututi, akazika. Vitabu vya historia ya majimbo huwataja maaskofu kwa majina na tarehe, naye hupewa sentensi moja.

Kibabii ilikuwa na ardhi, na ardhi ikaiponza. Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili, mchezaji mpira hodari aliyekuwa amelelewa na Wakweka hadi alipotengwa kwa kuoa mke wa pili, alianzisha Dini ya Msambwa na kuhubiri kwamba Wazungu waondoke. Wafuasi wake waliutazama Mlima Elgon kama Sayuni yao. Februari 1948 umati ulikwenda Kibabii kuwataka mapadre wafungashe. Siku chache baadaye, tarehe 10, polisi waliwafyatulia risasi watu Malakisi, 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu, akafunguliwa mwaka 1961. Tusisahau kwamba wafuasi wengi walikuwa maskwota wa Trans-Nzoia, na kwamba miaka hiyo mashamba ya walowezi kule yalichomwa moto. Mtu aliyechoma ghala la mahindi na mtu aliyeifuata misheni hadi mlangoni walikuwa na kilio kimoja.

Ajabu ni kwamba Wabukusu haohao walimtoa Maurice Otunga. Alizaliwa mwaka 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, akasoma Kibabii kabla ya kwenda Mang'u. Kiti cha baba yake alikikataa. Akapewa upadre Roma mwaka 1950, miaka miwili tu baada ya Malakisi, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Wenyeji husimulia habari za Masinde na Otunga kama za watu wa dunia mbili. Mimi naona ni majibu mawili yaliyotolewa kwa swali moja, na kwa ujasiri unaokaribiana.

Trans-Nzoia ilipata mapadre wake hasa mwaka 1953, Eldoret ilipokatwa kutoka Kisumu na kukabidhiwa Waairishi wa Kiltegan, shirika la Mtakatifu Patrick. Baada ya Uhuru walowezi waliuza, serikali ikabakiza mashamba makubwa chini ya shirika lake la ADC, na mengine yakanunuliwa kwa ushirika. Wakaja Wabukusu, Wakisii, Wakikuyu na wengine, kando ya Wasabaot waliokuwa wakiidai nchi hiyo toka zamani. Ndipo vigango vikapata viwanja vyao: nguzo, mabati, benchi za mbao, na hati iliyoandikwa jina la Kanisa.

Viwanja hivyo havikukaa miaka mingi kabla ya kujaa watu wasio na pa kwenda. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliwafukuza maelfu kutoka Endebess na miteremko ya Elgon, wakalala makanisani na masokoni, na maaskofu Wakatoliki, Otunga akiwa miongoni mwao, wakailaumu serikali hadharani kwa waraka. Kati ya 2006 na 2008 mlima uliwaka tena, mara hii kwa wapiganaji wa SLDF, kundi la Wasabaot, na kisha kwa jeshi lililotumwa kuwazima. Chanzo kilikuwa ugawaji wa mashamba ya Chepyuk.

Bungoma ilikuwa imepata jimbo lake mwaka 1987. Kitale, pamoja na Pokot Magharibi, ilifuata mwaka 1998 chini ya Askofu Maurice Crowley, mmoja wa Waairishi hao wa Kiltegan. Siku hizi barabara ya Kitale hadi Suam ina lami, na muumini anayevuka daraja hapo mpakani huingia jimbo kuu la Tororo, lililozaliwa na shamba lilelile la Nile ya Juu alilolifungua Hanlon.