Kilimanjaro yageuka kisiwa: njia za wanyama msituni zinavyokatika

Ukiwa Moshi mjini, msitu wa mlimani unaonekana kama mkanda mmoja wa kijani usiokatika. Shida iko chini yake.

Picha za setilaiti za mwaka 1976 zilionyesha bado kuna uoto wa asili unaouunganisha Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya nafasi yake ilishachukuliwa na mashamba na makazi.

Andreas na Claudia Hemp, watafiti kutoka Ujerumani, walilisoma hilo kupitia panzi. Ndiyo, panzi. Aina nyingi za msituni zinazopatikana ukanda huu tu ziko kwenye milima yote miwili, na wengi wao hawawezi kuruka angani. Panzi wa msituni havuki tambarare kavu ya Sanya. Maana yake mababu zao walipita ndani ya miti.

Minde naye yuko matatani. Ni mnyama wa jamii ya funo, anapatikana Tanzania peke yake, katika misitu ya milima michache. Wa Kilimanjaro na wa Udzungwa hawakutani tena, hivyo wanaobaki wako katika hatari ya kuzaana ndugu kwa ndugu.

Kipande cha msitu kikiwa kidogo, jua na upepo huingia kutoka pembeni, udongo hukauka, magugu hupata nafasi. Miti huchelewa kuonyesha dalili: mkubwa unasimama miaka mia, chini yake hakuna mche. Kwa hiyo kuhesabu miti mikubwa peke yake kunadanganya.

Hata hivyo vipande vidogo vina thamani. Msitu wa Rau, hapo hapo Moshi, unaishi kwa maji ya ardhini na umebanwa na nyumba na mashamba ya mpunga. Ndani yake kuna mbega, mivule, na msoo, mti unaojulikana sehemu chache sana Afrika Mashariki.

Upande wa kaskazini-magharibi, tembo wanaotoka Amboseli hutumia ushoroba wa Kitendeni, nao unazidi kubanwa na kilimo. Wakikosa njia wanapita shambani, na mwenye mahindi ana haki ya kulalamika.

Mwaka 2005 msitu wa mlimani uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, pamoja na ile "nusu maili" ambako wanavijiji walizoea kuchukua kuni na majani ya ng'ombe. Ulinzi uliongezeka, ugomvi pia. Lakini mpaka wa hifadhi haurudishi msitu uliokatika huko chini.

Kilichobaki kama daraja, angalau kwa ndege na popo, ni kihamba cha Mchaga: migomba na kahawa chini ya mfuruanje, msesewe na mringaringa. Kahawa ikikosa bei, kivuli nacho hakina kazi. Mringaringa ni mbao nzuri, na kwa anayedaiwa ada ya shule hiyo ndiyo akiba iliyo karibu.