Mfupa wa paja ukivunjika: Upasuaji unaomfaa mtoto

MFUPA wa paja ndio mrefu na wenye nguvu zaidi mwilini. Hata hivyo, mtoto huuvunja anapogongwa na gari, anapoanguka kutoka mtini au anapoumia michezoni.

Wazazi wengi hudhani mtoto hutibiwa sawa na mtu mzima. Sivyo. Mfupa wake ungali unakua, na ukuaji huo ndio unaomwongoza daktari kuchagua njia ya matibabu.

Karibu na kila ncha ya mfupa huo pana gegedu ambamo mfupa hurefukia. Gegedu la upande wa goti huchangia takriban asilimia 70 ya ukuaji wa mfupa wa paja. Likiharibiwa, mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda.

Kwa kawaida, mtoto wa chini ya miaka mitano hahitaji kupasuliwa. Mchanga hufungwa mikanda maalumu, na aliyemzidi umri hufungwa plasta kutoka kiunoni hadi mguuni kwa wiki kadhaa.

Kwa wenye umri wa kati ya miaka mitano na 11, njia ya zamani ni kulazwa kitandani wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzani. Ingali inatumika pasipo na vifaa vya upasuaji, ingawa humtenga mtoto na shule pamoja na jamaa zake.

Upasuaji unaopendelewa kwa umri huu ni wa kutia fito mbili nyembamba zinazopindika, aghalabu za titaniamu. Mbinu hii ilikuzwa na madaktari wa mji wa Nancy, Ufaransa, akiwemo Jean-Paul Métaizeau, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Fito hizo hupitishwa katika matundu madogo juu kidogo ya goti, bila kugusa gegedu, hadi ndani ya uwazi wa mfupa. Humo hupinda na kuushikilia mfupa kutoka pande mbili. Hazimfai sana mtoto anayezidi kilo 50 hivi, wala mfupa uliosagika.

Kwa hao, daktari anaweza kupenyeza bamba la chuma chini ya misuli na kulikaza kwa skrubu. Kasoro yake ni kwamba kuliondoa baadaye huwa kazi ngumu zaidi.

Penye jeraha kubwa lililo wazi, au mtoto akiwa ameumia sehemu nyingi, hutumiwa kiunzi cha chuma kinachokaa nje ya mguu. Huwekwa kwa haraka, lakini vidonda vya vyuma huweza kuingiwa na viini, na mfupa huweza kuvunjika tena kikitolewa.

Aliyetimiza miaka 11 au zaidi huweza kutiwa msumari mgumu kama mtu mzima, ila mahali pa kuuingizia ni tofauti. Hupitishwa upande wa nje wa sehemu ya juu ya paja, ili usikate mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa. Kichwa hicho kikikosa damu hufa, na mtoto huweza kuwa kiwete.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, mzazi ana haki ya kuuliza: Je, chuma hiki kitapita mbali na gegedu la ukuaji? Kitatolewa lini? Na miguu yote miwili itapimwa urefu hadi lini? Mfupa unaweza kuunga kwa miezi michache, lakini mtoto atautembelea maisha yake yote.