Silaha ya Kujilinda: Namna Ilivyoingia Katika Nyumba Zetu



Leo tunajibu swali ambalo wengi wenu mnauliza, wengine kwa sauti, wengine kwa siri. Swali ni hili: «Mimi nimekimbia mara tatu. Wameniibia mbuzi, wameniibia mabati, juzi wamemtesa jirani yangu usiku. Nikipata pesa kidogo, je, si afadhali ninunue bastola moja, niiweke chini ya kitanda, nilinde jamaa yangu?»

Hatutamcheka mtu anayeuliza hivyo. Mwenye kulala kila usiku akisikiliza mbwa wanavyobweka anajua kwa nini anauliza. Wala hatutamwambia kwamba hana haki ya kuwalinda watoto wake. Lakini swali hili si geni. Babu zetu waliliuliza zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, na historia imehifadhi majibu waliyoyapata. Tuyaangalie kwanza, kisha kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Bunduki za kwanza zilizoenea huku mashariki ya Kongo zilikuja pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Zilitoka Zanzibar na Bagamoyo, zikapita Tabora na Ujiji, zikavuka ziwa Tanganyika, zikafika Kasongo na Nyangwe juu ya mto Lualaba. Zilikuwa gobori na gumegume, bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mwenye kijiji aliyezinunua hakusema, «Nataka kuwa mnyang'anyi.» Alisema kile mnachosema ninyi: «Jirani yangu ameisha kununua, na mimi nitabaki na mkuki tu?» Basi akanunua. Na jirani wa tatu, alipoona wawili wanazo, akanunua vilevile. Lakini pembe zilipokwisha, malipo yakawa watu. Ndiyo kusema, mtu alimuuza mtoto wa jirani ili apate bunduki ya kumlinda mtoto wake. Tafadhali msome neno hilo mara mbili.

Tena kulikuwa na jambo la baruti. Bunduki bila baruti ni fimbo nzito. Angalieni Msiri, mtawala mkubwa wa Garenganze, huko Katanga. Alikuja kama mfanyabiashara kutoka upande wa Tabora, akapata enzi kwa nguvu ya bunduki, akajenga mji wake Bunkeya. Baruti yake ilimfikia kutoka mbali sana, nyingine upande wa Bahari ya Hindi, nyingine upande wa Atlantiki. Alikuwa na shaba, chumvi na pembe nyingi, lakini kitu kilichomfanya aogopwe kilikuwa mikononi mwa wachuuzi wa nchi nyingine. Hata leo mwenye bastola anamtegemea mwenye kuuza risasi, na anayeuza risasi mtaani kwa siri hauzi kwa mtu mmoja. Anakuuzia wewe, na anamuuzia yule unayemwogopa.

Sasa sikilizeni habari ya soko la Nyangwe, kwa maana hapo jambo letu laonekana wazi kabisa.

Mwaka 1871 Mskoti David Livingstone alikuwa Nyangwe. Alikaa huko miezi mingi akitafuta mtumbwi wa kuvuka mto, asipate. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kutengeneza mwenyewe kwa mbegu za porini. Alipenda sana kwenda sokoni. Soko lile lilikuwa la wanawake zaidi: walikuja kwa mitumbwi na samaki, mihogo, kuku, vyungu, chumvi. Hata vijiji vilivyogombana vilikutana hapo bila kupigana, kwa maana soko lilikuwa na heshima yake. Silaha haikuingia.

Tarehe 15 mwezi wa saba, watu kama 1,500 walikuwa sokoni. Livingstone akaona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara mmoja wameingia na bunduki. Alishangaa, akataka kuwakaripia, halafu akafikiri ni wageni, hawajui desturi. Mmoja wao akaanza kubishana juu ya bei ya kuku. Ni kuku, ndugu zangu! Baada ya kitambo kidogo bunduki zikalia, na wengine waliokuwa karibu na mitumbwi wakapiga katika kundi la wanawake waliokimbia. Wengi walizama katika mto. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Na Livingstone? Yeye alikuwa na bastola. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola ile. Mkubwa wa msafara, Dugumbe, akamzuia, akamwambia asijitie katika deni la damu. Livingstone aliandika baadaye kwamba alishukuru kwa kufuata shauri hilo. Wengine watasema alikuwa mwoga. Mimi sioni hivyo. Bastola moja mbele ya bunduki nyingi isingemwokoa mwanamke hata mmoja, ingeongeza maiti tu, yake ya kwanza. Kitu alichoweza kufanya alikifanya: aliwakinga baadhi ya waliokimbia chini ya bendera yake, na akaandika aliyoyaona. Maandiko hayo yaliposomwa Uingereza yalisaidia kumbana Sultani wa Zanzibar, naye akafunga soko la watumwa mwaka 1873.

Habari haiishi hapo. Siku chache baadaye Livingstone aliondoka kurudi Ujiji. Mwezi wa nane, njiani katika msitu, watu waliojificha walimrushia mikuki. Mmoja ulipita karibu kabisa na mgongo wake, na watu wawili wa msafara wake waliuawa. Kwa nini walimvizia mzee huyu mgonjwa? Walimdhania ni mmoja wa wale wenye bunduki waliowaua ndugu zao. Msafara wenye silaha, kwao, ulikuwa msafara wa adui.

Tuendelee. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakaandika mkataba juu ya biashara ya watumwa na ya silaha. Walikata eneo kubwa la Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini, na kukataza humo bunduki za kisasa. Gumegume za zamani ziliruhusiwa kwa masharti. Lakini mkataba uliacha mlango mmoja: mtu mwenye kuaminiwa na serikali aliweza kupata ruhusa ya silaha yake kwa ajili ya kujilinda mwenyewe, na msafiri vilevile. Mnajua ni nani aliyeaminiwa wakati ule. Hivyo neno «kujilinda» liliingia katika sheria ya nchi hii likiwa na rangi.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, kapteni Omer Bodson alikwenda kumkamata Msiri karibu na Bunkeya. Wakagombana, Bodson akatoa bastola akampiga Msiri, naye akafa. Mara moja mtu wa Msiri akampiga Bodson, naye hakuishi. Wote wawili walikuwa na silaha ya kujilinda, na wote wawili walizikwa.

Miaka ya mpira na ya Wabelgiji tunaipita upesi, si kwa kuwa haina uzito. Mnaijua: makapita wenye bunduki vijijini, risasi zilizohesabiwa, mikono iliyokatwa. Baada ya uhuru yakaja maasi ya 1964, na silaha nyingi zilibaki maporini. Mwaka 1985 Zaire ilitoa sheria ya silaha: raia hawezi kuwa na bunduki bila kibali, na silaha ya vita si ya raia.

Kisha sheria ikabaki kwenye karatasi. Mwezi wa tisa 1991, na tena mwezi wa kwanza 1993, maaskari wasiolipwa mshahara walipora miji. Mwezi wa tatu 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na moto ukaenea Masisi. Tena soko! Mwezi wa saba 1994 jeshi lililoshindwa Rwanda liliingia Goma pamoja na wakimbizi wasiohesabika. Bunduki zilirundikwa mpakani kama kuni. Nyingine zilichukuliwa na serikali, nyingine zilipotelea vichochoroni, zikauzwa.

Tangu hapo vijiji vingi vilifanya kile ambacho kijiji cha gobori kilifanya. Watu walichanga, huyu mbuzi, huyu gunia la maharagwe, huyu pesa ya shamba. Wakawapa vijana wao silaha, wakasema, «Hawa ni watoto wetu, watatulinda.» Na kweli, mara nyingine waliwalinda; tusikatae. Lakini kijana mwenye bunduki hula kila siku, na baba aliyechanga mara moja akaombwa mara ya pili. Mara ya tatu hakuombwa, alilazimishwa. Mkaona vizuizi barabarani na jetoni za kila mwezi. Mkalipa hata kodi ambayo wenyewe wameiita «lala salama». Mnalipa ili mlale, kwa mtu yuleyule anayewanyima usingizi.

Sasa turudi kwa baba yetu na bastola yake ya chini ya kitanda. Atajibu: «Mimi sitaunda kundi. Ni moja tu, ya nyumbani.» Vema, tuhesabu.

Wezi wa usiku kwetu hawaji mmoja. Wanakuja watano, sita, na Kalashnikov, ambayo magazini yake hubeba risasi 30. Wanakuja macho, wewe umelala. Nyumba yako ni ya mbao au ya turubai. Risasi hupenya ubao, na turubai si kitu. Ukipiga kutoka ndani, watajibu ndani, na humo ndani wako mama na watoto. Risasi yako nayo, ukikosa, haisimami njiani. Inaingia katika hema la jirani. Tena, ili ikufae usiku lazima bastola iwe na risasi na iwe karibu na mkono. Lakini ikiwa karibu na mkono wako, iko karibu na mkono wa mtoto wa miaka saba. Ukiifungia sandukuni kwa kufuli, mtoto amepona, lakini wezi watakuwa wamekwisha ingia. Hakuna fundi aliyefungua fundo hilo katika nyumba ya chumba kimoja.

Na habari hutembea. Utamwambia mkeo, mkeo atamwambia dada yake. Baada ya mwezi, mtaa mzima wajua kwamba kwa fulani kuna bastola. Bastola yenyewe ni mali ya kuibwa kuliko redio na baiskeli. Na polisi wakiikuta bila kibali, utaeleza nini?

Huko Marekani, ambako watu wengi hununua bastola kwa sheria, daktari Arthur Kellermann na wenzake walichunguza jambo hili na kutangaza mwaka 1993. Waliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara tatu kuliko nyumba isiyo nayo, na mara nyingi muuaji ni wa jamaa au mtu anayejulikana. Wengine walibishana naye juu ya hesabu zake, na wanabishana hata leo. Lakini ninyi wazee wa mitaa mnaoamua kesi za pombe na za wivu, mnajua anayosema.

Je, watu wengine walifanyaje? Katika Msumbiji vita vilikwisha mwaka 1992, na bunduki zikabaki zimefukiwa mashambani. Mwaka 1995 askofu Dinis Sengulane na Baraza la Wakristo walianza kubadilisha: leta bunduki, chukua cherehani, baiskeli, jembe au mabati. Kijiji kimoja kilipata trekta. Bunduki zilikatwa, na mafundi wakatengeneza viti na sanamu kwa vipande vyake. Huko Timbuktu, nchini Mali, tarehe 27 mwezi wa tatu 1996, silaha kama 3,000 zilichomwa moto mbele ya watu. Na kwetu Katanga, mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake PAREC walitoa baiskeli kwa bunduki. Kulikuwa na udanganyifu, ndiyo. Wako walioleta bunduki mbovu na kuficha nzima. Lakini mwenye baiskeli alibeba mihogo mpaka sokoni, na watu waliona.

Katika mitaa ya Bukavu na Goma watu wameshika njia nyingine: firimbi, masufuria na madumu. Nyumba ikivamiwa, mmoja anapiga, wa pili anapokea, mpaka avenyu nzima inalia. Haishindi kila mara. Tena ina hatari yake, kwa maana makelele huleta hasira, na mtu asiye na kosa anaweza kuuawa kabla hajaulizwa jina. Kwa hiyo ni kazi ya mkubwa wa mtaa kupanga mapema nani atamshika anayekamatwa na kumpeleka wapi, akiwa hai.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mwaka 2025 mji wa Goma ulipobadilisha mikono mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, bunduki na risasi ziliachwa barabarani na katika makambi ya jeshi. Watoto waliziokota, wengine kwa kucheza, wengine kwa kupora. Kama wewe mama umeona kitu cha namna hiyo chini ya magodoro au shambani, usikiguse, usimtume mtoto akilete. Weka alama ya fimbo au mawe kwa mbali, mwite mkubwa wa mtaa au kamati ya kambi, nao wawaite watu wa kutegua mabomu. Viongozi, mkiletewa habari hiyo, msianze kwa kuuliza, «Ulikipata wapi wewe?» Mkiuliza hivyo mara moja tu, bunduki ya pili haitaletwa kwenu.