Mlio wa taipureta, kutoka bomani hadi kwenye kompyuta

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Chanzo kilikuwa Hazina. Wizara ya Fedha ndiyo iliyotangulia kutumia kompyuta, mwaka 1965, na miaka michache baadaye ikajaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye mtambo mkubwa zaidi wa kampuni ya ICL ya Uingereza. Mpango huo ukakwama. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, hesabu zikachelewa na kuvurugika, na viongozi wakaona heri wafunge mlango. Ulikuja kufunguliwa kidogo kidogo, na kompyuta hazikuanza kuenea maofisini hadi miaka ya 1990.

Katika miaka hiyo yote taipureta iliendelea kushika kazi. Ndiyo maana kwa Mtanzania wa makamo mlio wake si hadithi ya enzi za babu. Mtu wa Mbuba, wilayani Ngara, aliyekwenda bomani kufuatilia shauri la ardhi au barua ya mtoto kujiunga na shule aliusikia kabla hajafika mlangoni: ta-ta-ta-ta, kisha kengele, kisha mkwaruzo wa gari la mashine likirudishwa mwanzo wa mstari. Akajua ofisi imefunguliwa na karani yupo.

Leo mlio huo umerudi kwa njia nyingine. Zipo programu za kompyuta ambazo kila ukibonyeza herufi hutoa sauti ya taipureta, na ukimaliza mstari hupiga kengele. Wanaozitumia ni pamoja na vijana ambao hawajawahi kuigusa mashine yenyewe. Wapo wanaoziona kama mchezo tu. Lakini historia inaonyesha kwamba kompyuta imekuwa ikiiga sauti hiyo karibu tangu makarani walipoanza kuitumia, na kwa sababu za msingi.

Taipureta ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes na wenzake mjini Milwaukee, Marekani, waliopata hataza mwaka 1868. Mwaka 1874 kiwanda cha Remington, kilichojulikana kwa bunduki na cherehani, kikaanza kuiingiza sokoni. Hakuna aliyekaa akabuni sauti yake. Ilitokana na kazi: mkono wa chuma wenye herufi ulipiga utepe wa wino, utepe ukagonga karatasi, karatasi ikagonga rola, na gari likasogea hatua moja kushoto.

Mpigaji hodari alizisoma sauti hizo. Macho yake yalikuwa kwenye rasimu pembeni, si kwenye vidole wala kwenye karatasi. Pigo zito lilimwambia kwamba herufi imekaa. Mikono miwili ya chuma ikinasana, mapigo yalikatika na akajua palepale. Kengele ililia herufi chache kabla ya ukingo, ili amalize neno au alikate kwa kistari. Bila kengele ile angelazimika kuinua macho kila mstari, na kasi yake ingepotea.

Kiswahili kilikaa vizuri kwenye mashine hizo zilizotoka Uingereza, Ujerumani na Italia. Hakina herufi zenye alama za juu kama Kifaransa, na ritifaa ya ng'ombe ilikuwa tayari kwenye kibao. Lakini kila lugha ina mapigo yake. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu inayojirudia kuliko zote ni a, ambayo kwenye kibao cha Kiingereza imekaa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole dhaifu kuliko vyote ndicho kilichobeba mzigo mkubwa. Huku q na x, ambazo maneno yetu hayazihitaji, zilikaa siku nzima bila kuguswa. Barua ya Kiswahili na barua ya Kiingereza zilizopigwa kwenye mashine moja hazikuwa na mwendo mmoja wa sauti.

Ustadi huo ulifundishwa rasmi. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilitoa makatibu muhtasi waliotawanyika wizarani, mikoani na wilayani. Walijifunza kupiga chapa kwa mapigo sawa bila kutazama vidole, na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza. Hadi miaka ya karibuni matangazo ya ajira serikalini yaliendelea kumtaka katibu muhtasi awe amefaulu hatimkato ya maneno 80 au 100 kwa dakika.

Katika wilaya kama Ngara na Biharamulo, mashine hizo zilikuwa na sifa nyingine kubwa: hazikuhitaji umeme. Zilifanya kazi bomani, mahakamani, misheni na kwenye shule za sekondari, mvua inyeshe au jua liwake. Nakala zilipatikana kwa karatasi ya kaboni. Mitihani ilipigwa kwenye stensili, karatasi yenye nta. Utepe uliondolewa njiani ili herufi ya chuma ikate nta moja kwa moja, na mlio wake ukawa mkavu zaidi. Mwanafunzi aliyeusikia mlio huo ofisini kwa mkuu wa shule alijua mtihani unakaribia.

Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia vita na mauaji. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mashirika ya misaada yaliyowafuata yalikuja na jenereta, redio za mawasiliano na kompyuta. Katika miaka ileile ambayo kompyuta zilianza kuenea nchini, wilaya hii ya mpakani ikajikuta ina aina mbili za ofisi, moja ikisikika kutoka barabarani na nyingine ikiwa kimya.

Ukimya huo ulikuwa umewahangaisha watengenezaji wa kompyuta wenyewe mapema. Katika miaka ya 1970, IBM ilitia ndani ya baadhi ya vibao vya kompyuta zake sumaku ndogo ya umeme yenye kigongo, kazi yake ikiwa kutoa mlio kila kitufe kilipobonyezwa. Makarani walizoea taipureta ya umeme ya Selectric, iliyotoka mwaka 1961, na walitaka kusikia kwamba herufi imeingia. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa kituo cha kompyuta cha VT100, chenye spika ndogo iliyotoa mlio wa vitufe, na kengele iliyolia herufi nane kabla ya mwisho wa mstari. Kengele yenyewe ina mizizi mirefu zaidi: orodha ya alama za kompyuta ya ASCII ya mwaka 1963 iliitengea namba 7, urithi kutoka mitambo ya teleprinta. Namba hiyo bado imo ndani ya kompyuta tunazotumia.

Agosti 2014 gazeti la The Times la London liliweka spika kwenye chumba chake cha habari na kurusha sauti za taipureta, zikiongezeka kadiri saa ya kufunga kurasa ilivyokaribia, ili kuwatia waandishi ari. Mwezi huohuo mwigizaji Tom Hanks, mkusanyaji wa taipureta, alitoa programu ya Hanx Writer kwa ajili ya iPad, ikafika kileleni kwenye duka la Apple.

Programu hizo zimehifadhi mlio wa chuma. Hazijahifadhi mwendo wa kidole kidogo cha kushoto kikiirudia a katika barua ya Kiswahili, wala stensili ya mtihani wa darasa. Hayo yako mikononi mwa makatibu muhtasi waliostaafu, na mashine zao zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ngara ina redio yake, Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995, na nyumba nyingi zina simu inayorekodi. Tuwatafute wastaafu hao sasa, tuwaombe wapige ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwendo wao wa kazini, na tuandike pamoja na rekodi aina ya mashine, ofisi na miaka waliyohudumu. Sauti hizo zikishapatikana, kijana wa Mbuba anayetaka kompyuta yake ilie kama taipureta atachagua mlio wa ofisi alizozijua mama yake.