"Mimi Nimelipwa" Si Ushahidi

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi kazi za "fanya ukiwa kwako, lipwa kila siku". Ukiishi hapa Tuwan, ama Matisi, ama ukivuka upande wa Bungoma, ni ngumu kumaliza wiki bila kuona moja. Iko kwa stetasi ya binamu yako. Iko kwa grupu la wale mliomaliza nao shule. Iko mpaka kwa grupu la kwaya. Laiki video, upate doo. Bonyeza tangazo, upate doo. Na kila mara mtu akiuliza kama ni ya ukweli, jibu ni lile lile: "Mimi nimelipwa." Kisha inafuata skrinshoti ya M-Pesa.

Maoni yangu ni haya: hiyo skrinshoti haithibitishi kitu. Si ati nasema ni feki. Mara nyingi ni ya ukweli kabisa, na hapo ndipo shida ilipo. Ukifuata historia ya huu mchezo utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 100 umekuwa ukilipa watu kwanza. Malipo ya kwanza ndiyo chambo chenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1920, kule Boston, Marekani, kulikuwa na jamaa mhamiaji kutoka Italia anaitwa Charles Ponzi. Aliahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alisema anafanya biashara ya kuponi za posta: unanunua kuponi kwa bei ya chini nchi moja, unaibadilisha kwa bei ya juu nchi nyingine. Ilikaa biashara halali. Na aliwalipa watu. Waliolipwa walienda kuambia majirani, majirani wakaleta akiba zao. Baadaye mwandishi wa mambo ya fedha, Clarence Barron, akaketi chini akapiga hesabu. Ili biashara ya Ponzi iwe ya kweli, zilihitajika kuponi milioni 160 hivi. Zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kama 27,000 tu. Kumbe pesa ya mtu wa leo ndiyo ilikuwa inamlipa mtu wa jana. Agosti mwaka huo huo mambo yakaanguka.

Angalia vile Barron alifanya. Hakuuliza kama watu wanalipwa. Wote walijua wanalipwa. Yeye aliuliza hiyo pesa inatoka wapi.

Sasa, kama unafikiri "kazi ya kufanya ukiwa nyumbani" ni kitu cha intaneti, sikia hii. Marekani ya miaka ya 1930, wakati uchumi ulikuwa umelala na watu hawana kazi, magazeti yalikuwa na matangazo ya kazi ya kutia barua kwenye bahasha. Unakaa kwako, unatia barua, unalipwa kwa kila bahasha. Kitu kimoja tu: utume ada kidogo kwanza ili utumiwe vifaa. Ukishatuma, unapokea maelezo. Na maelezo yanasema nini? Weka tangazo kama lile uliloliona wewe, wakijibu wengine, wakutumie ada kama uliyotuma. Bahasha zenyewe hazikuwepo. Kazi uliyonunua ilikuwa kuuzia mwenzako ile ile kazi.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena, halafu ufikirie grupu la Telegram uliloongezwa wiki jana.

Turudi nyumbani. Kati ya 2006 na 2007, kabla wengi wetu hatujaanza shule, Kenya ilikumbwa na wimbi la hizi kampuni za "weka kidogo, chukua kingi". Waulize wazazi wako majina, watakumbuka. DECI ilikuwa moja yao. Watu waliweka akiba, wakaweka karo, na wengi waliingizwa na mtu wanayemwamini, mara nyingi wa kanisa lao. Kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na Francis Nyenze kilipochunguza, kilihesabu karibu watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Miaka mingi baadaye waathiriwa walikuwa bado wanazunguka kwa serikali na Bunge wakiomba wasaidiwe.

DECI haikuishia hapa. Iliendelea Tanzania, na huko walikuwa na lugha tamu sana. Hukuweka pesa, "ulipanda mbegu". Hukulipwa, "ulivuna". Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikaisimamisha, na 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani viongozi wake, wachungaji wakiwemo.

Hiyo lugha ya mbegu hunikera, kwa sababu mimi ni mtu wa Trans Nzoia. Kenya Seed ilianzia hapa Kitale mwaka 1956. Sisi tunajua mbegu. H614 ukiipanda Aprili, utakaa nayo miezi sita au zaidi, na katikati kuna palizi, kuna mbolea, kuna viwavijeshi. Na mtu akikuuliza hayo magunia yametoka wapi, unampeleka shambani, anaona mabua. Mbegu ya DECI haikuwa na shamba. Shamba lake lilikuwa mfuko wa mtu aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni.

Kisha simu ikabadilisha kila kitu. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati zile kampuni za zamani bado zinatafuna watu. Zile zilihitaji ofisi, meza, risiti na foleni. Zilizokuja baadaye hazikuhitaji hata mlango. Mapema 2022 ilikuwa zamu ya Amazon Web Worker. Ilitumia jina la Amazon, kampuni kubwa ambayo haikuwa yao. Unapakua programu, unaweka pesa kwa M-Pesa, unapewa vijikazi vya kubonyeza, unaona salio likipanda. Vijana walitoa pesa mara ya kwanza, wakaposti, wakaingiza wenzao. Februari 2022 ikazimika, na pesa za watu zikaenda nayo.

Boston, bahasha, DECI, Amazon Web Worker. Kuponi, barua, mbegu, kubonyeza. Kinachobadilika ni vazi tu.

Sasa hesabu, na si ngumu. Chukua mpango unaosema kila mtu alete watu 5. Mmoja analeta 5. Hao wanaleta 25. Kisha 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Awamu ya tisa ni watu 1,953,125. Ukijumlisha wote tangu yule wa kwanza, umepata 2,441,406. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Ukiunganisha hizo kaunti mbili unapata kama milioni 2.66. Maana yake awamu tisa tu zinameza karibu kila mtu kutoka Endebess hadi Webuye, na watoto wachanga na nyanya zetu wakiwemo. Awamu ya kumi inataka watu wengine karibu milioni 9.8. Watatoka wapi?

Na hii ndiyo inauma zaidi. Kwenye hiyo hesabu, watu 8 kati ya kila 10 wako ile awamu ya mwisho. Hao hawajaleta mtu, na hakuna aliyebaki wa kuletwa. Hii haihusu mtu mvivu ama mjinga. Mpango wenyewe, hata ukiendeshwa na malaika, lazima uwaache hao 8 mikono mitupu.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini hata chama cha mama hufanya hivyo, pesa inazunguka." Hapana. Kwa chama, mkiwa 10 na kila mtu anatoa soo tano, zamu yako ikifika unapata thao tano. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa mwisho wa mzunguko, na hakuna anayehitaji mtu wa kumi na moja. Halafu unajua kila mtu anaishi wapi. Hawa matapeli waliiba heshima ya chama, wakaacha hesabu yake.

Sitaki mtu atoke hapa akisema kazi zote za mtandaoni ni wizi. Ziko za ukweli, na serikali yenyewe ilianzisha mpango wa Ajira Digital 2016 kufundisha vijana kuzifanya. Lakini hebu tuangalie kazi za ukweli zinakaa aje. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Sama, Nairobi, waliokuwa wakisoma na kuchambua maandishi mabaya ili kusaidia kutengeneza ChatGPT. Walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa, kwa kazi iliyowaumiza akili. Machi 2024, Remotasks, ambayo vijana wengi walikuwa wakiitegemea, ilifunga huduma zake Kenya ghafla. Hizo zote zilikuwa kazi za ukweli, na bado ziliumiza watu. Kwa hivyo ya ukweli haimaanishi ni nzuri.

Lakini ona tofauti. Kwenye kazi ya ukweli kuna mteja nje, kampuni inayotaka picha ziwekwe alama ama maandishi yachambuliwe. Kuna mtihani wa kuingia, na unaweza kuanguka. Kazi mbovu inakataliwa. Malipo ni madogo na yanachosha kusubiri. Haijali kama umeleta rafiki. Mtu akikuambia utapata thao mbili kwa siku kwa kulaiki video, bila mtihani, bila kukataliwa, jiulize: nani duniani ananunua hizo laiki zako kwa hiyo bei?

Wakulima wa huku walishaibiwa na mbegu feki hadi wakachoka. Siku hizi pakiti ya mbegu ina kibandiko cha KEPHIS. Unakikwangua, unatuma namba kwa 1393, unapata jibu kabla hujapanda. Mkulima haendi kuuliza jirani kama pakiti inapendeza. Na sisi tuna vitu vya kukwangua kabla ya kutuma hata bob.

Kwanza, mteja ni nani? Nataka jina la anayelipia kazi, si jina la admini. Kama hakuna, wewe ndiye mteja.

Pili, pesa inaanza kutembea ikielekea wapi? Kuna mitandao halali inayokata asilimia ukishalipwa, na mingine inatoza kidogo unapoomba kazi, lakini hakuna inayokuambia kwamba ukiweka pesa zaidi mshahara wako utapanda daraja. Mshahara unaopanda kwa sababu umeweka pesa si mshahara. Na ukiambiwa salio lako limefungwa hadi ulipe "kodi" ndiyo ulitoe, toka. KRA haikusanyi kodi kupitia admini wa Telegram.

Tatu, leo tukiacha wote kuleta watu, malipo yataendelea? Uliza hilo swali kwa grupu. Ukitolewa kwa grupu, umejibiwa.

Na usitishwe na cheti cha usajili. Kusajili kampuni kwa eCitizen kunaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa. Kuchukua amana za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kuuza uwekezaji kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tafuta jina huko, si kwa bango.

Kuna kitu kimoja skrinshoti haionyeshi kabisa. Huku kwetu ploti moja ina keja kumi na mfereji mmoja. Ukimwingiza jirani na mambo yaanguke, yule aliyeanzisha mpango humjui, namba yake imezimwa, pengine hata hayuko nchi hii. Jirani anakujua wewe. Mtakutana naye kwa mfereji kila asubuhi, na yeye anakumbuka ni wewe ulimwonyesha ile meseji ya M-Pesa. Ponzi alihitaji watu kama hao. DECI iliwahitaji. Bila mtu mzuri, anayeaminika, anayesema ukweli kwamba amelipwa, huu mchezo hauwezi kutembea hata mtaa mmoja.

Kama umetuma pesa sasa hivi na roho haikai vizuri, peleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 haraka uombe irudishwe. Namba ya mkora iripoti kwa 333. Saa ya kwanza ndiyo ya maana, usiipoteze ukibishana na admini.

Na kama uko ndani ya moja na bado inalipa, sikuiti mjinga. Nakuomba kitu kimoja: usiposti. Toa yako kama bado inatoka, na usimwite mtu mwingine achukue nafasi yako kwenye foleni.